PhD ya samaki wa Feri: tatizo ni mashine au ni msimamizi?



Leo naomba tuongee jambo ambalo mtaani tunalicheka bila kulijua vizuri. Ukikaa kijiwe chochote hapa katikati ya jiji utasikia kwamba wasomi wetu ni wavivu. Mtu anaingia chuo kusoma shahada ya uzamivu, ile wengi tunaiita PhD, anaambiwa ni miaka mitatu au minne, halafu mwaka wa saba unamuuliza anakwambia "namalizia malizia". Watu wanacheka. Wanasema anakula hela ya ufadhili, au kichwa kimegoma.

Mimi mwenyewe sina digrii. Nimeishia sekondari. Lakini nafanya kazi ya kuchapa na kuprinti kwenye stesheneri moja Kariakoo, na tasnifu nyingi zinapita mikononi mwangu. Nimeona sura zikirudi na wino mwekundu mara nne. Nimeona pia kitu kibaya zaidi ya wino mwekundu: sura ambazo hazirudi kabisa. Kwa hiyo hii habari ya uvivu mimi siikubali, na nitaeleza kwa nini.

Kuna mteja wetu mmoja, nitamwita dada tu, na chuo chake sikitaji. Swali la utafiti wake hata mama anayekaanga samaki anaweza kukuuliza: samaki wanaouzwa Feri wana risasi na zebaki kiasi gani? Naposema risasi sisemi ya bunduki, nasema ile metali ya kwenye betri za magari. Mto Msimbazi unapita Jangwani, hatua chache kutoka Kariakoo, unabeba maji ya viwandani, ya gereji na ya vyoo, unaingia baharini pale karibu na Daraja la Salenda. Samaki wa Feri wanatoka sehemu nyingi, wengine Mafia, wengine Kilwa, wengine hapa hapa karibu. Sisemi wana sumu, jamani, msije mkaharibu biashara za watu. Nasema kitu usichokipima huwezi kukisemea, si kwa ubaya si kwa uzuri.

Sasa tuangalie kazi yenyewe inavyofanyika, maana ukiielewa hutacheka tena.

Dada anafika Feri alfajiri kabla mnada haujapamba moto. Ananunua changu, kibua na dagaa, anawauliza wavuvi wamevua wapi, anaandika, anaweka samaki kwenye deli la barafu. Chuoni anakata minofu, anaikausha kwenye oveni, anaisaga, kisha anaichemsha na asidi mpaka inakuwa maji. Maji hayo ndiyo yanaingia kwenye mashine inayoitwa spektromita ya atomiki. Mashine hii inafanya kazi kwa mwanga. Kila metali inafyonza mwanga wa aina yake, kwa hiyo kila metali ina taa yake. Taa ya kupimia kadimiamu haiwezi kukupimia risasi. Taa ya risasi ikiungua na ya akiba haipo, basi kwa mtu wa risasi mashine ya mamilioni inageuka kabati.

Taa ya dada iliungua. Hapa hakuna fundi wa mtaani wa kuitengeneza, inaagizwa nje. Ikaandikwa barua. Barua ikaenda kitengo cha manunuzi. Manunuzi wakataka bei kutoka kwa wauzaji watatu. Wakati wanasubiri bei, mwaka wa fedha ukaisha, mchakato ukaanza upya. Miezi kumi na moja ikapita. Katikati ya hapo ukaja ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere haujawashwa Februari 2024. Wikiendi moja umeme ukakatika, friza ikayeyuka, minofu ikaoza. Jenereta ilikuwepo. Dizeli ndiyo haikuwepo.

Mpaka hapa mtu atasema: ndiyo nchi maskini hiyo, tufanye nini? Subiri kidogo.

Katika jiji hili hili kulikuwa na maabara nyingine ya umma yenye mashine ya aina ile ile, nzima, na taa ya risasi ipo. Wenyewe walikubali kumpokea. Walichotaka ni barua moja yenye saini ya msimamizi wake, kuthibitisha kwamba ni mwanafunzi na kazi anayofanya inajulikana. Barua hiyo ilichukua miezi mitano. Dada alimwandikia Prof barua pepe, nyingine alizichapa hapa dukani kwetu: "Shikamoo Prof, naomba nikukumbushe kuhusu barua." Kimya. Alituma WhatsApp, tiki za bluu zikaonekana, kimya. Akaenda ofisini, akaambiwa Prof yuko safari. Siku alipompata, alijibiwa kwamba wewe ndiye mwanafunzi, tafuta njia mwenyewe. Sura ya pili aliyompa Januari ilirudi Oktoba na maoni manne, moja likiwa la kubadilisha ukubwa wa herufi.

Wadau, kwa ile miezi mitano kilichokosekana siyo mashine. Ilikosekana saini.

Hii ndiyo hoja yangu leo. Uhaba wa vifaa na msimamizi asiyejali ni matatizo mawili tofauti, lakini moja linajificha nyuma ya lingine. Ukilalamika kuhusu msimamizi, unaambiwa tatizo ni vifaa, nchi haina hela. Ukilalamika kuhusu vifaa, unaambiwa mwanafunzi mwenyewe hajitumi. Mwanafunzi anapigwa danadana katikati, na mwisho wa siku lawama zinamwangukia yeye. Wakati matatizo hayo mawili hayalingani bei hata kidogo. Maabara inataka mabilioni. Kumjibu mwanafunzi ndani ya wiki mbili hakutaki hata senti.

Historia yetu inaonyesha hivyo hivyo. Wengi mmesikia habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, huko Lushoto, wanatengeneza aiskrimu. Akaona mchanganyiko aliouweka kwenye friji ukiwa wa moto umeganda kabla ya ule uliopoa kwanza. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye darasani akawa anakejeliwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Akaenda kusoma Mkwawa, Iringa. Siku moja akaja mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne. Mpemba akasimama na swali lile lile, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaomba lijaribiwe maabara. Inasimuliwa kwamba fundi wa maabara alileta majibu kuwa maji ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja kwenye jarida la Physics Education la Uingereza. Mpaka leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo linatokea kweli kila mara, lakini duniani kote linaitwa kwa jina la Mtanzania.

Angalia vifaa vilivyohusika pale: maji, vyombo, kipimajoto, friji. Hakuna mashine ya ajabu. Kilichobadilika kati ya Magamba na Mkwawa ni mtu aliyesikiliza.

Mtasema huyo alikuwa mwanafunzi wa sekondari, siyo wa PhD. Sawa, tuvuke mpaka twende Kenya. Wangari Maathai, yule aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alirudi Nairobi mwanzoni mwa 1966 akitoka kusoma Marekani, ameshaahidiwa kazi ya utafiti chini ya profesa wa zoolojia chuoni. Kufika, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliamini ilikuwa ni ukabila na kubaguliwa kwa kuwa mwanamke. Alitafuta kazi kama miezi miwili. Aliyemchukua ni profesa mwingine, Mjerumani Reinhold Hofmann, aliyekuwa kwenye idara mpya ya anatomia ya mifugo hapo hapo Nairobi. Huyu hakuishia kumpa kazi tu. Mwaka 1967 alimsukuma aende Ujerumani, Giessen na Munich, akafanye utafiti kwenye vifaa ambavyo Nairobi haikuwa navyo. Akarudi 1969, na mwaka 1971 akapata PhD, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Mji ni mmoja, chuo ni kimoja, mwaka ni mmoja. Profesa wa kwanza alifunga mlango, wa pili aliona upungufu wa maabara yake akatafuta pa kumpeleka mwanafunzi. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi. Vifaa vikikosekana yeye ndiye anatakiwa ahangaike kabla ya mwanafunzi, maana yeye ndiye mwenye jina, namba za simu na muhuri.

Sasa tusiwaonee maprofesa bure. Wapo wazuri sana, na nimeona tasnifu zikirudi dukani siku ya tatu zimejaa maoni ya maana. Na hawa wabaya nao hawakuanguka kutoka mbinguni. Kuanzia miaka ya 1980 vyuo vyetu vilibanwa bajeti, mishahara haikutosha, wahadhiri wakaanza kukimbilia kazi za ushauri za mashirika na wafadhili. Mahmood Mamdani, ambaye miaka ya 1970 alifundisha Dar es Salaam na baadaye akawa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, amelipigia kelele sana jambo hili. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba mshauri analipwa kujibu swali la mteja, wakati mtafiti kazi yake ni kuliunda swali lenyewe. Chuo kikigeuka kijiwe cha ushauri, swali kama la samaki wa Feri linakosa baba, maana hakuna mteja anayelilipia.

Halafu kuna suala la cheo. Mhadhiri anapanda ngazi zaidi kwa machapisho. Kumsaidia mwanafunzi apate taa ya mashine hakumpandishi popote. Kwa hiyo anayejali anajali kwa roho yake tu, na asiyejali hakuna anayemuuliza.

Na hela je? Tusidanganyane, hela nayo ni tatizo. Mwaka 2007 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa ajili ya utafiti. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilionyesha Tanzania ipo karibu na nusu ya hapo. Tume yetu ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ipo kisheria tangu 1986. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa elimu ya juu unaoitwa HEET, na humo kuna majengo na maabara za vyuo. Ni jambo jema, nalisifu.

Ila nina wasiwasi wangu kama mtu aliyesoma shule ya kata. Shule niliyosoma ilikuwa na jengo la maabara, masinki mazuri kabisa ya vigae. Bomba halikuwahi kutoa maji hata siku moja. Titresheni tuliifanya kwa kuchora ubaoni, mwalimu anachora bureti sisi tunakopi. Jengo lina sherehe ya kuzindua na utepe wa kukata. Taa ya akiba ya spektromita haina sherehe, mtungi wa gesi ya asetilini hauna sherehe, mshahara wa fundi wa maabara hauna sherehe. Na hivyo ndivyo vinavyoamua kama dada atamaliza au hatamaliza.

Kuna mdau atauliza, hii inamhusu nini kijana anayelipia nusu saa ya intaneti Kariakoo? Inakuhusu sana. Kwanza, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianzia huku huku kwetu, Mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, Oktoba 1961, kabla ya kuhamia Mlimani 1964. Elimu ya juu ya nchi hii imezaliwa hatua chache kutoka sokoni, siyo mali ya watu wa kilimani peke yao.

Pili, swali lisipojibiwa hapa, ama halijibiwi ama linajibiwa kwingine. Mnamkumbuka silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani ametoweka pamoja na madinosauri? Mwaka 2003 wavuvi wetu walimnasa Songo Mnara, Kilwa, na baada ya hapo wakanaswa wengi Tanga mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Baadhi ya samaki hao walipelekwa Japan. Mwaka 2013 watafiti wa Tokyo na wenzao, wakiwemo wa taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, walichapisha usomaji wa vinasaba vyao. Ushirikiano siupingi hata kidogo, bila huo tusingejua kitu. Lakini Japan walikuwa na sababu ya kumtaka silikanti, ni samaki wa maajabu. Kibua cha Feri cha kukaanga na ugali nani Tokyo atahangaika nacho? Kibua ni chetu sisi.

Wapo waliotoka nje wakarudi na faida. Dk. Askwar Hilonga alichukua PhD Korea Kusini, akarudi kufundisha Taasisi ya Nelson Mandela Arusha, akatengeneza chujio la maji, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Uingereza, pauni 25,000. Safi sana. Lakini hatuwezi kumpeleka kila mtu Korea, na samaki wa Feri hawawezi kusubiri foleni ya ufadhili.

Sasa kwa mtazamo wangu wa mtu wa stesheneri, yafanyike haya.

Moja, kila mashine inaponunuliwa inunuliwe na vipuri vya miaka kadhaa na fundi aliyefunzwa. Kama hela haitoshi vyote, inunuliwe mashine moja nzima badala ya mbili vimeo.

Mbili, maabara zote za umma ziweke orodha ya wazi ya mashine zilizo nazo na kama zinafanya kazi. Mwanafunzi aombe nafasi kwa fomu moja, na idara iweze kumthibitisha bila kusubiri saini ya mtu mmoja aliyeko safarini.

Tatu, sura ikipelekwa kwa msimamizi iwe na tarehe ya kurudi. Tarehe ikipita, iende kwa msimamizi wa pili bila mwanafunzi kuonekana ana kiburi.

Nne, mwanafunzi aweze kubadilisha msimamizi bila kuadhibiwa, na malalamiko yasikilizwe na mtu ambaye siyo rafiki wa Prof kwenye korido ile ile.

Tano, mhadhiri anapoomba kupanda cheo aulizwe wanafunzi wake wangapi wamemaliza na kwa muda gani.

Na nyie wadau mtakaofika huko, maana wengine humu mtafika, msiende kichwa kichwa. Kabla hujajiandikisha, waulize wanafunzi wa zamani wa huyo Prof walimaliza lini. Omba uione mashine ikiwa imewashwa, siyo imefunikwa kitambaa. Ukishaanza, kila mkikutana mwandikie barua pepe fupi: tumekubaliana moja, mbili, tatu. Siku ya ugomvi hiyo ndiyo ngao yako.

Mkitaka kujua dada kaishia wapi, hajaishia. Barua ilisainiwa, sampuli zilizosalimika zimepimwa, zilizooza inabidi azinunue upya, na ufadhili umeshaisha. Anatoa mfukoni. Majibu ya nusu ya kazi hawezi kuyatangaza, na mimi siwezi kuyaandika hapa. Kwa hiyo mimi na wewe tunaendelea kula kibua bila kujua, na siyo kwa sababu kuna msomi mvivu.

Naomba kuwasilisha. Waliopitia msoto huu, Dar, Nairobi, Kampala au hata huko ughaibuni, karibuni hapo chini mseme ilikuwaje. Maprofesa nao wakaribie, tunataka kusikia upande wenu pia. Majina ya watu na ya vyuo tuyaache, tujadili hoja.